Pembetatu ya Kwenda, Pembetatu ya Kurudi
Mhadhara wa hesabu uliotolewa Tibirinzi, Chake Chake

Sisi tuliokulia Chake tunaijua Tibirinzi kwa sikukuu kabla ya kuijua kwa jambo jengine lolote. Idi ikifika watoto huja hapa kutoka kila upande, nguo mpya mwilini na vijisenti mkononi. Watoto hao nitawahitaji baadaye. Kwanza nina habari ya viatu.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Usiku mmoja wa Ramadhani tulimaliza tarawehe, umeme ukakatika wakati watu wanatoka. Kila mtu akapapasa mlangoni, akavaa alichokikanyaga. Mimi nilifika nyumbani na makubadhi ya mtu mzima. Baba hakunigombeza. Aliyaangalia yale makubadhi kwa mwanga wa kandili, akaniuliza: "Katika watu wote wale, unadhani yupo hata mmoja aliyepata chake?" Sikuwa na jibu usiku ule. Nilikuja kulipata nikiwa chuoni, na nilipolipata ndipo nilipojua kuwa nitasomesha hesabu maisha yangu yote.

Tuchukue watu wanne tu na jozi zao nne. Namna za kugawana ni 4 × 3 × 2 × 1, yaani 24. Kati ya hizo, ni ngapi ambazo hakuna hata mmoja aliyevaa chake? Mwenye subira ataziandika zote 24 na kuzihesabu. Lakini watu wakiwa kumi namna zinafika 3,628,800, na msikiti wenye watu kumi tu hauwi na vurugu mlangoni. Inatakiwa njia nyengine.

Tuzipange zile 24 kwa idadi ya waliokosea. Hakuna aliyekosea: namna 1. Amekosea mmoja peke yake: hakuna, maana ukivaa cha mwenzio, naye tayari hana chake. Wamekosea wawili: tunachagua wawili kati ya wanne, namna 6, na wawili hao wamebadilishana tu, kwa hiyo 6. Wamekosea watatu: tunachagua watatu kati ya wanne, namna 4, na watatu hukosea wote kwa namna 2, kwa hiyo 8. Jumla mpaka hapo 15. Zilizobaki kufikia 24 ni 9, na hizo ndizo tunazozitafuta.

Sasa tuyatazame machaguo tuliyoyatumia. Kuchagua asiwepo yeyote kati ya wanne, kuchagua mmoja, wawili, watatu, wote wanne: 1, 4, 6, 4, 1. Huo ni mstari wa tano wa jedwali ambalo wengi wenu mmeliona ubaoni:

1
1 1
1 2 1
1 3 3 1
1 4 6 4 1

Kila namba ya ndani ni jumla ya ile iliyo juu yake na ile iliyo juu kushoto. Skuli tulifundishwa kuiita pembetatu ya Pascal, na tulifundishwa kuikariri, basi. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu jedwali hili lina historia ambayo mtoto wa Pemba angeisikiliza kwa masikio mawili. Kitabu cha Pascal kilichapishwa Paris mwaka 1665, miaka mitatu baada ya kufa kwake. Karne tano kabla yake, al-Samawal wa Baghdad aliliandika jedwali lilelile ndani ya kitabu chake cha aljebra, al-Bahir, alichokitunga akiwa na miaka 19, na akasema wazi kwamba amelitoa kwa al-Karaji aliyemtangulia. Naye Ibn Mun'im, aliyefariki Marrakesh mwaka 1228, alilijenga upya kwa kuhesabu vishada vya hariri: ukiwa na hariri za rangi kumi, vishada vya rangi mbili ni vingapi, vya rangi tatu ni vingapi, na kuendelea. Nampenda huyu kuliko wote. Hakuanza na kanuni. Alianza na kitu ambacho mshonaji anakishika mkononi, na mbele kidogo mtaona alikuwa anakwenda wapi.

Nirudi kwenye viatu. Mpango wetu ulikuwa hivi: ukizijua namna za kukosea wote kwa watu 0, 1, 2, 3 na 4, jedwali linakupa jumla ya 24. Huko ndiko kwenda. Lakini shida yetu ni kurudi. Zile jumla tunazijua bila taabu: 1, 1, 2, 6, 24. Tunachotaka ni kuzifumua tupate zilizomo ndani yake.

Njia ya kurudi ni hii hapa:

1
−1 1
1 −2 1
−1 3 −3 1
1 −4 6 −4 1

Ni jedwali lilelile, limetiwa alama za kutoa kwa kupishana. Chukueni mstari wa mwisho mzidishe na zile jumla: 1 × 1, toa 4 × 1, jumlisha 6 × 2, toa 4 × 6, jumlisha 24. Jibu ni 9. Kwa watu watano mtapata 44 katika 120. Kwa watu kumi hakuna haja ya daftari, ni mstari mmoja wa kuzidisha na kutoa.

Mfaransa Montmort alilitia swali hili katika kitabu chake cha michezo ya bahati nasibu mwaka 1708, na jibu lililotoka ni la ajabu. Watu wakiwa wanne, hukosea wote mara 9 katika 24, yaani 37 na nusu kwa mia. Wakiwa watano, karibu 36.7 kwa mia. Wakizidi hapo, kiwango hakitikisiki tena: kinakaa karibu na 36.8 kwa mia, wawe kumi au elfu moja. Basi baba, ikiwa kweli kila mtu alijichukulia tu bila kuona, jibu lako ni kwamba mara 63 hivi katika kila 100 yupo angalau mmoja aliyekwenda kwao na chake. Na ukubwa wa msikiti haubadilishi neno.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye roho ya jambo lote. Kwa nini kurudi kuliwezekana, na kwa nini kulileta namba kamili, bila nusu wala robo?

Tazameni ukingo wa kulia wa pembetatu: 1, 1, 1, 1, 1. Mstari wa kwanza una kitu kimoja kisichojulikana, kimezidishwa na 1, kwa hiyo kinajulikana papo hapo. Mstari wa pili unaongeza kipya kimoja tu, nacho kimezidishwa na 1. Toa kile cha zamani, kipya kimebaki peke yake. Wa tatu hivyo hivyo. Kila ngazi unayoshuka inaleta mgeni mmoja, na mgeni huyo hana kizidisho cha kumwondoa. Unatoa, unatoa, lakini hugawi popote. Na namba kamili ukizijumlisha, ukizizidisha na kuzitoa, zinabaki kuwa namba kamili. Kama ukingoni pangekuwa na 2, tungelazimika kugawa kwa 2, na tungepata nusu ya kiatu. Kwa hiyo pembetatu yoyote ya namba kamili yenye 1 ukingoni, hata uliyojiandikia ovyo usiku huu, ina pembetatu yake ya kurudi, nayo ni ya namba kamili. Tofauti ni kwamba ile uliyoiandika ovyo itakurudisha kwa namba zisizosema kitu, na zile zilizozaliwa na kuhesabu vitu vya kweli hurudi na namba ambazo nazo zinahesabu kitu. Hilo la pili sijawahi kulizoea, na ndilo nililokuja kulionyesha.

Twende Oman. Nyumba nyingi za kisiwa hiki zina nasaba inayofika huko, na mtu ninayemtaka alitoka huko: al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, wa kabila la Azd, aliyezaliwa mnamo mwaka 718 na kuishi Basra. Washairi waliomo humu ndani wanamjua hata kama hawalijui jina lake. Neno arudhi tunalolitumia katika ushairi wetu ni jina la elimu aliyoiasisi yeye. Alizipanga bahari 15 za ushairi wa Kiarabu ndani ya duara tano, na kila duara ukianza kuisoma mahali pengine inakupa bahari nyengine. Sisi mizani yetu ni ya silabi na ya kwake ni ya silabi ndefu na fupi, lakini tunaposema "bahari" tumeshika kamba aliyoifunga yeye.

Al-Khalil alitaka pia kuandika kamusi ya Kiarabu, ile iitwayo Kitabu cha Ayn, na alikuwa na hofu moja ya kisomi: neno lisimponyoke. Basi hakuanza kwa kukusanya maneno. Alianza kwa kuhesabu yanayowezekana. Mzizi wa herufi tatu unageuzwa mara sita, wa nne mara 24, wa tano mara 120. Kila mgeuzo anautazama, unaotumika anauandika, na usiotumika anausema kuwa umeachwa. Al-Suyuti amepokea katika kitabu chake al-Muzhir hesabu inayonasibishwa na al-Khalil: kwa herufi 28, maneno ya herufi mbili zisizojirudia ni 756, ya herufi tatu ni 19,656, ya nne ni 491,400, ya tano ni 11,793,600. Jumla 12,305,412. Nimeijumlisha mwenyewe mara tatu, na hakuna kosa hata la moja. Ibn Mun'im wa vishada vya hariri, karne nyingi baadaye, alikuwa analifuata swali hilohilo la maneno ya lugha. Rangi za hariri zilikuwa ngazi ya kumfikisha kwenye herufi.

Sasa tushike zile 19,656. Ni 28 × 27 × 26, kwa sharti kwamba herufi zisijirudie. Lakini lugha hairidhiki na sharti hilo. Kiarabu kina radda na madda, sisi tuna baba na dada. Tukiruhusu kujirudia, maneno ya herufi tatu ni 28 × 28 × 28, yaani 21,952. Namba mbili hizi zinahusianaje?

Neno la herufi tatu lina sura tano tu. Ama zote ni tofauti, sura 1. Ama mbili ni sawa na moja ni mbali: sawa ya kwanza na ya pili, au ya kwanza na ya tatu, au ya pili na ya tatu, sura 3. Ama zote ni sawa, sura 1. Sura ya zote tofauti inazaa maneno 19,656. Kila sura ya herufi mbili tofauti inazaa 28 × 27, yaani 756, na sura zenyewe ni tatu. Ya zote sawa inazaa 28. Basi 19,656 na mara tatu ya 756 na 28: jumla 21,952. Imetimia.

Vizidisho ni 1, 3, 1. Tukifanya hivyo kwa herufi moja, mbili, tatu na nne tunapata pembetatu nyengine:

1
1 1
1 3 1
1 7 6 1

Wanahisabati wanaiita kwa jina la James Stirling, Mskoti aliyechapisha namba hizi London mwaka 1730. Inahesabu namna za kuwagawa watu katika makundi. Mstari wa nne unasema: watu wanne katika kundi moja, namna 1, makundi mawili, namna 7, matatu, 6, manne, 1.

Washairi, huu mstari wa nne ni wenu. Chukueni beti ya mistari minne. Kila mstari una kina chake cha mwisho, na mistari yenye kina kimoja ni kundi moja. Kwa hiyo mipango ya vina vya mwisho kwa mistari minne ni 1 na 7 na 6 na 1, jumla 15, wala haitazidi hata atoke malenga gani. Utenzi, ambao mistari yake mitatu hushika kina kimoja na wa nne hubeba bahari, ni mpango mmoja katika ile saba ya vina viwili. Mingine sita utenzi umeiacha, kama al-Khalil alivyosema juu ya migeuzo isiyotumika, na kijana anayetafuta njia mpya ya kutunga anaweza kuanza kuitafuta humo. Takhmisa yenye mistari mitano ina mipango 52. Wajapani nao waliifikia 52 hiyo kupitia mchezo wa kunusa udi: unanusa mara tano, unasema harufu zipi zilikuwa moja, na kila jibu linalowezekana lina mchoro wake, uliopewa jina la sura ya kisa chao cha kale kiitwacho Genji.

Hiyo ndiyo pembetatu ya kwenda. Ya kurudi ni ipi? Tunataka kuanzia 21,952 tufike kwenye 19,656. Tuondoe maneno ambayo herufi ya kwanza na ya pili ni sawa: 28 × 28, yaani 784. Tuondoe tena 784 za kwanza na tatu, na 784 za pili na tatu. Lakini neno lenye herufi zote sawa limeondolewa mara tatu, na lilistahili kuondolewa mara moja. Basi tulirudishe mara mbili: 2 × 28, yaani 56. Toa 2,352 katika 21,952, jumlisha 56. Jibu 19,656.

Vizidisho vya kurudi ni 1, −3, 2, na mimi nataka tuishike ile 2. Nimeipata kwa kusema "tulirudishe mara mbili", na mtu angeweza kudhani ni marekebisho tu ya karani. Itazameni pembetatu nzima ya kurudi:

1
−1 1
2 −3 1
−6 11 −6 1

Ziacheni alama. Hizi 6, 11, 6, 1 zinahesabu nini?

Hapa ndipo nilipowataka watoto wa sikukuu. Watoto wanne wako nje hapo, wanashikana mikono wanazunguka. Kwanza, ni duara ngapi tofauti zinaweza kufanywa na watatu kati yao, ikiwa kinachohesabiwa ni nani yuko kuliani kwa nani? Mbili tu: Asha, Bimkubwa, Chumu, au Asha, Chumu, Bimkubwa. Hiyo ndiyo ile 2. Watoto wanne katika duara moja: namna 6. Wanne katika duara mbili, tukikubali kwamba wawili walioshikana ni duara, na anayezunguka peke yake naye ni duara: ama watatu na mmoja, chagua wa peke yake kwa namna 4, na watatu wazunguke kwa namna 2, hizo 8, ama wawili wawili, namna 3. Jumla 11. Duara tatu: wawili pamoja na wengine peke yao, 6. Duara nne: 1.

Kwa hiyo makundi yanakupeleka na duara zinakurudisha. Msiniamini kwa maneno. Uchukueni mstari wa nne wa duara, −6, 11, −6, 1, muuzidishe na safu wima za pembetatu ya makundi. Safu ya kwanza ni 1, 1, 1, 1: −6 na 11 na −6 na 1, jumla sifuri. Safu ya pili ni 1, 3, 7 kuanzia mstari wa pili: 11 toa 18 jumlisha 7, sifuri. Ya tatu ni 1 na 6: −6 na 6, sifuri. Ya nne ni 1. Kilichobaki ni 0, 0, 0, 1. Safari ya kwenda na ya kurudi zimefutana, na kila kitu kimerudi mahali pake.

Pembetatu nyengine nitazipita haraka. Ivo Lah, mhesabu wa Slovenia, alitoa katika miaka ya 1950 pembetatu ya foleni: watu watatu bandarini Mkoani wanajipanga foleni moja kwa namna 6, foleni mbili kwa namna 6, tatu kwa namna 1. Hiyo, kama ile ya al-Karaji, hurudi na nguo zake mwenyewe, alama tu ndizo zinazogeuka. Ya makundi huenda na nguo zake na kurudi na za mwengine. John Riordan wa Marekani alijaza kurasa nyingi za kitabu chake cha 1968 kwa jozi za namna hii, na mwaka 1991 Louis Shapiro wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, pamoja na Seyoum Getu na wenzao wawili, walionyesha kwamba aina kubwa ya pembetatu hizi zinafanya ukoo mmoja: zidisha mbili upate ya tatu ya ukoo uleule, na kila moja ina ya kuirudisha humohumo ndani. Ukoo huo wakaupa jina la Riordan.

Muda umekwisha na maghribi inakaribia. Kwa vijana nawaachia watoto watano. Duara moja, namna 24. Duara mbili: watatu na wawili, chagua watatu kwa namna 10, wazunguke kwa namna 2, hizo 20, au wanne na mmoja, namna 5 za kumchagua anayebaki, na wanne wazunguke kwa namna 6, hizo 30. Jumla 50. Tatu na nne malizieni wenyewe, na mkizijumlisha zote pamoja na ile moja ya mwisho mtapata 120, ambazo ni zile zile namna za kugawana jozi tano za viatu gizani: kila mtu anamshika mkono yule ambaye viatu vyake amevivaa, na aliyepata chake ndiye yule mtoto anayezunguka peke yake.